UZI: Kula na kutembea Mji Mkongwe kama mwenyeji. Zijue saa za mji kwanza

Mtu wa Sokomuhogo (mleta uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa, na habari zenu nyote.

Kila likizo zikikaribia, ndugu na marafiki kutoka bara huniandikia ombi moja: "Nakuja Unguja, nitajie mgahawa wanaokula wenyeji." Huwa siwatajii mgahawa. Nawauliza, utakuwa na njaa saa ngapi? Wengine hudhani nawakwepa. Leo naeleza kwa urefu, kwa sababu naumia mtu anapopanda boti ya kurudi Dar akisema chakula cha Zanzibar ni ghali na hakina ladha, ilhali amepita mbele ya milango yenye vyakula vyetu vizuri kabisa, ila amepita saa ambazo hakuna kinachopikwa.

Mji Mkongwe unakula kwa saa. Chakula cha alfajiri saa 4 kimeshakwisha, cha mchana saa 10 sufuria limeshaoshwa, na cha alasiri ukikiulizia mapema utaambiwa urudi baadaye. Wengi wanaopika hawana mgahawa wala kibao. Ni mama mwenye meza mbele ya nyumba yake, ana sufuria moja, likimalizika anaingia ndani. Mtu kama huyo humpati kwenye ramani ya simu.

Anza mapema, baada tu ya sala ya alfajiri, mitaa ya Kiponda, Malindi, Mkunazini na Kajificheni. Vichochoro vinafagiliwa, hewa bado ni ya baridi, na harufu ya iliki na tui inakufikia kabla hujamwona anayepika. Hapo ndipo penye vitumbua, maandazi, chapati na mkate wa ufuta. Huu mkate niacheni niuseme kidogo. Unga wake huumuliwa kwa hamira na tui la nazi, hutandazwa kwenye chuma, na ukishashika chini, chuma kinapinduliwa kuelekea makaa ili upande wa juu nao uive. Ufuta unaungua kidogo, na utamu wake uko hapo hapo. Uule ungali moto, na maharage ya nazi au mchuzi. Ndiyo maana utaona watoto wametumwa mbio na bakuli, maana mkate huu ukichelewa njiani umepoteza nusu ya uzuri wake.

Ukishakunywa chai, shuka hadi diko la Malindi, karibu na bandari. Ngarawa na mashua zinaingia, samaki wanapigiwa mnada kwa sauti, wanunuzi wamekaza macho. Huhitaji kununua kitu. Tazama tu kilichoshushwa, kwa sababu ndicho utakachokiona kwenye sahani mchana. Zikija changu na tasi nyingi, mchana ulizia mchuzi wa changu. Akija pweza, ulizia pweza wa nazi. Mimi nikienda mgahawani huwa sisomi orodha, nauliza "leo kuna nini?" na jibu la diko huwa ninalo tayari.

Mchana wa mji ni kuanzia adhuhuri hadi saa 8 hivi. Wali wa nazi, samaki wa kukaanga au wa kupaka, mchicha, ndizi mbivu, kachumbari, pilipili pembeni. Ukifika saa 9 utapewa kilichobaki. Kwa mgeni asiyejua pa kuanzia, Lukmaan pale Mkunazini panatosha kwa siku ya kwanza, vyakula vimepangwa mbele unaonyesha kwa kidole, na utakaa meza moja na wafanyakazi wa mji na watalii pia. Siku ya pili jitafutie.

Kisha pumzika! Jua la saa 8 si la kutembea, na maduka mengi hufunga. Mgeni anayelazimisha kutembea saa hiyo anauona mji umelala na kudhani ndivyo ulivyo.

Alasiri ndiyo saa yangu. Saa 10 meza za urojo zinatoka. Mchuzi wa manjano wenye uchachu wa embe au ukwaju, ndani yake viazi vya kuchemsha, bajia, kachori, yai, mishkaki ukitaka, juu chatne ya nazi, pilipili na chipsi za muhogo zilizovunjwavunjwa. Kula pale pale umekaa kwenye baraza, chipsi zikiwa bado kavu. Usichukue wa kwenda nao hotelini, ukifika huko kila kitu kimelowana.

Baada ya urojo, kahawa chungu. Jaws Corner, katikati ya Sokomuhogo, dele la kahawa liko juu ya makaa, vikombe vidogo vinasuuzwa, watu wanacheza bao na dhumna na siasa inazungumzwa waziwazi. Toa salamu, kaa, chukua kahawa na kashata. Usipige picha za watu kabla hujawaomba.

Kuhusu kutembea, nina neno moja. Funga ramani. Mji umezungukwa na bahari pande zake kubwa, na upande uliobaki una barabara ya Darajani, kwa hiyo ukipotea, ukiendelea tu utatokea kwenye maji au kwenye daladala. Mitaa yetu haijanyooka, vichochoro ni vyembamba na nyumba ni ndefu, na faida yake ni kivuli. Mwenyeji haendi kwa njia fupi, anaenda kwa njia yenye kivuli. Jaribuni hivyo na mtaona milango, mabaraza na visima ambavyo hakuna mtembezaji aliyewaonyesha.

Karibuni tuchangie.

---

Kamba Nanga

Nimeketi hapa hapa. Endelea kushusha, mkuu.

---

Mgeni wa Mwanza

Asante sana mleta uzi. Mimi natokea Mwanza, nimezoea sato na sangara, baharini ni mgeni kabisa. Nakuja na mke wangu kwa siku chache. Hofu yangu ni bei. Nimesikia ukifungua mdomo wakajua wewe ni wa bara, bei inapanda. Nitajuaje kwamba natozwa bei ya mwenyeji? Na je, huyo mama wa vitumbua ana ubaya mgeni akisimama mlangoni kwake?

---

Mtu wa Sokomuhogo

Karibuni sana wewe na shemeji yetu.

Mama hana ubaya hata kidogo, ila salamu itangulie. Huku mtu hafiki akasema "nipe viwili". Unaanza na "Assalaam alaykum" au "shikamoo" kama ni mtu mzima, unaulizia asubuhi yake, halafu ndipo unaomba. Sekunde chache tu hizo, lakini zinabadilisha kila kitu, pamoja na ukubwa wa kijiko cha chatne.

Kuhusu bei, kwenye meza za mtaani bei ni moja kwa watu wote, kwa sababu jirani yupo hapo anasikia. Simama kidogo, mwache mtu mmoja anunue mbele yako, utaona anachotoa. Bakuli la urojo mtaani ni shilingi elfu mbili tatu hivi kutegemea umeweka nini ndani. Chakula cha mtaani hakina kubishana bei, usijaribu, unamvunjia mtu heshima. Kanga na vinyago ni mambo mengine, huko bisha upendavyo.

Na alama moja ya haraka: orodha ikiwa imeandikwa kwa dola, pale pamewekwa kwa ajili ya wageni. Si dhambi kula hapo, kuna wapishi wazuri. Ila usihesabu kwamba umekula chakula cha mtaa.

---

Binti Kikwajuni

Kaka uzi mzuri, lakini nina ugomvi na wewe. Umeandika "mji" ukamaanisha Mji Mkongwe peke yake. Sisi wa Ng'ambo, upande wa pili wa barabara ya Darajani, tuko wapi? Wenyeji wengi wa mji huu hawaishi tena ndani ya hivyo vichochoro. Wako Kikwajuni, Michenzani, Mlandege, Mikunguni, Kwahani, huko kote. Mgeni anayetaka kula kama mwenyeji na havuki barabara ya Darajani, amekula kwa nusu.

Vukeni mje jioni kwenye maghorofa ya Michenzani. Yale majengo marefu yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, Karume alitaka watu wa Ng'ambo wapate nyumba zenye maji na umeme, na Wajerumani Mashariki walisaidia kuyapanga. Watalii hupita wakayaona mabaya. Sisi tunaona nyumbani. Chini yake magharibi ikishapita kuna mishkaki, muhogo wa kuchoma, samaki wa kukaanga, chipsi, juisi za bungo na ukwaju kwa msimu wake, na familia nzima imeshuka kupunga upepo. Hakuna atakayekufuata kukuuzia safari ya kwenda kuona kobe.

La pili, kaka, umewaambia watu wakae barazani Jaws Corner. Umesahau nusu ya wasomaji wako ni wanawake. Baraza za kahawa ni za wanaume, hilo sote tunalijua. Dada mgeni hatafukuzwa, lakini atakaa akitazamwa, na mazungumzo yatapoa. Mimi nawashauri hivi, dada zangu. Alasiri njooni kwenye meza za urojo na bajia, huko wauzaji ni wanawake na wanunuzi wengi ni wanawake na watoto wa skuli. Ukikaa pale na ukasifu chatne, baada ya dakika kumi utakuwa umeelezwa inavyotengenezwa, umeulizwa una watoto wangapi, na umealikwa harusini. Vaeni nguo inayofunika mabega na magoti, si kwa sababu mtakamatwa, ni kwa sababu mtapokewa tofauti kabisa.

---

Mtu wa Sokomuhogo

Dada yangu, yote mawili nimeyapokea na ni ya kweli. Michenzani jioni waende. Na hilo la baraza ni bora limesemwa na mwanamke kuliko mimi.

---

Mtoto wa Shangani

Mimi naona mnakwepa jambo moja. Forodhani. Kila uzi wa Zanzibar watu wanasema "usile Forodhani, ni ya watalii". Sikubali.

Nimekulia Shangani. Forodhani ndiko tulikojifunza kuogelea kwa kuruka kutoka ukutani, na vijana bado wanaruka hadi leo kila maji yakijaa, nenda saa 11 jioni utawaona. Sikukuu za Idd bustani ile hujaa familia za Unguja nzima na watoto wenye nguo mpya. Aga Khan Trust for Culture walipoikarabati, ikafunguliwa tena 2009, wenyeji ndio tuliorudi mwanzo. Haiwezi kuwa ya watalii peke yao.

Tatizo la Forodhani ni kwamba kuna meza za aina mbili na mgeni hazitofautishi. Kuna meza zenye mishikaki mirefu ya kamba, kaa na pweza imepangwa vizuri chini ya taa, na kijana mwenye kofia nyeupe anakuita kwa Kiitaliano. Huko ukitaka, uliza kwanza huyu kaja leo au jana, uliza bei ya kila mshikaki kabla haujawekwa motoni, na usikubali "tutaelewana". Halafu kuna meza ambazo watu wa mji wamepanga foleni. Juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi mbele yako. Urojo. Zanzibar pizza, ambayo kwa jina ni pizza lakini ni unga uliotandazwa mwembamba kama wa chapati, ukawekewa nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili hoho, yai na mayonezi, ukakunjwa na kukaangwa. Watoto wa mji wanaipenda kweli, haikutungwa kwa ajili ya mzungu.

Mimi huwapeleka wageni wangu Forodhani, tunakunywa juisi ya miwa, tunakula pizza moja kwa kugawana, tunatazama vijana wakiruka, na jumba la Beit al-Ajaib nyuma yetu, lile alilolijenga Sultan Barghash 1883 na sehemu yake ikaporomoka Desemba 2020. Chakula kikubwa tunakwenda kula kwingine.

---

KahawaChungu

Mtoto wa Shangani umenena. Nami nimechoka na hiyo habari ya kusema mahali fulani ni pa watalii, mahali fulani ni pa wenyeji, kana kwamba sisi hatupendi upepo wa bahari. Muhimu ni saa na meza.

---

Nahodha Mstaafu

Wanangu, nimewasoma. Mleta uzi umesema mji unakula kwa saa, vyema. Mimi mzee wa bahari naongeza, unakula pia kwa mwezi na kwa upepo. Nyinyi wa mji mnasahau.

Pweza hawaji kila siku kwa wingi mmoja. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanakupwa sana, tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita 4 huku kwetu. Miamba inabaki wazi, na hapo wanawake wa Jambiani, Makunduchi na pwani yote ya mashariki wanashuka na vijiti vyao. Siku zile ndizo za kula pweza. Katikati, maji yanapokuwa mafu, pweza anapungua, na utakayemkuta huenda ni wa kwenye barafu.

Dagaa wanataka giza. Wavuvi hutoka na taa usiku usio na mwezi, dagaa wakaifuata taa. Ukija mbaamwezi, dagaa wabichi utawatafuta, maana wavuvi wamepumzika wanashona nyavu.

Na upepo. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, bahari ina nafasi, mashua ndogo zinakwenda mbali. Kusi ikishika, hasa Juni hadi Agosti, bahari ya nje inakuwa nzito, wenye vyombo vidogo wanabaki ndani ya miamba. Kwa hiyo wakati wa kusi usililie nguru. Kula changu, tasi na pono, samaki wa ndani, ndio wabichi. Sikuzote mpishi mwaminifu atakuambia. Ukiona mgahawa una kila samaki kila siku ya mwaka, jua kuna friza kubwa nyuma.

---

Mgeni wa Mwanza

Shikamoo mzee wangu. Hili sijawahi kulisoma popote. Sisi kwetu ziwani dagaa pia wanavuliwa gizani, kumbe ni ndugu moja.

---

Nahodha Mstaafu

Marahaba mwanangu. Samaki mdogo na taa, maji yoyote ni hivyo hivyo.

---

Mwalimu Asha wa Tanga

Naomba kuuliza kwa mleta uzi na dada Binti Kikwajuni. Nafikiria kuja wakati wa Ramadhani kwa sababu shule zitakuwa zimefungwa. Watu wananikataza, wanasema nitakufa njaa. Ni kweli?

---

Binti Kikwajuni

Dada Asha njoo, tena ndio wakati ninaoupenda kuliko yote. Ila ujue kwamba saa zote alizozitaja kaka zinahama.

Mchana migahawa mingi imefungwa, na kula au kunywa hadharani si jambo la kufanya, hata maji ya chupa ukitembea. Wasiofunga hula ndani, hoteli nyingi huwahudumia wageni wao kwa staha. Mitaa ni kimya hadi alasiri. Kisha kuanzia saa 10 mji wote unapika kwa pamoja! Meza zinatokea pasipokuwa na meza mwaka mzima. Kaimati, sambusa, katlesi, mkate wa kumimina, tambi za sukari, magimbi na muhogo wa nazi, uji. Nunua vyako, jisogeze mahali, na adhana ya magharibi ikilia kula pamoja na watu. Ukiwa umekaa karibu na mtu yeyote, tende utapewa, hilo nakuhakikishia.

Baada ya tarawehe ndipo mji unapoamka kweli. Watu wanatembea hadi usiku mkubwa, watoto wako nje, vinywaji, mishkaki, halafu baadaye ngoma za kuamsha daku. Mtu aliyezoea kulala saa 4 atapata tabu, lakini wewe mtu wa Tanga unayajua haya.

Idd yenyewe ulizia bokoboko. Ngano na nyama zimepikwa pamoja hadi zikapondeka, samli juu. Hutaipata kirahisi kwenye migahawa siku za kawaida, ni chakula cha nyumbani na cha sikukuu, kwa hiyo anza kutengeneza urafiki na mtu mapema.

---

Msafiri Peke Yake

Nitasema jambo ambalo halijasemwa. Papasi. Unatoka tu getini bandarini, watu watano wanakuzunguka, huyu anataka kubeba begi, huyu hoteli, huyu safari ya viungo. Mimi walinipeleka kwenye mgahawa mmoja wakaniambia ndipo wanapokula wenyeji, na nilipolipa nikaona kwa macho yangu kijana anapewa fungu lake. Sikufurahi. Kutembea kama mwenyeji kunawezekanaje ukiwa unafuatwa?

---

Mtoto wa Shangani

Pole sana ndugu. Hilo lipo na linatukera sisi pia, wanaharibu jina la mji.

Papasi anaishi kwa kamisheni, kwa hiyo kila anakokupeleka kuna fungu lake ndani ya bili yako. Dawa yake ni kujua unakokwenda kabla hujatoka getini, hata kama unakwenda tu kunywa chai. Mtu anayetembea kwa hatua za anayejua njia hafuatwi mbali. Akikusemesha, itikia salamu, sema "ahsante, nimeshafika kwa jamaa zangu", usisimame. Usimtukane, maana wengi ni vijana wasio na kazi na kesho mtakutana tena mtaa ule ule. Na kama unataka kuongozwa, tafuta mtembezaji mwenye kitambulisho, mkubaliane muda na malipo mwanzoni. Kwa mambo ya historia inafaa kabisa. Kanisa kuu la Anglikana pale Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, mimi sipendi mtu aingie akapiga picha akatoka. Pale mtu mwenye elimu akueleze, na uende asubuhi kabla ya makundi.

---

KahawaChungu

Ningependa mjadala uguse na hili. Mama wa mkate wa ufuta aliyekuwa nyuma ya nyumba yetu Kiponda hayupo tena. Hakufariki, amehama. Nyumba aliyopanga imekuwa hoteli. Nyumba ya pili yake ni duka la vinyago. Tangu mji uingizwe kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, mawe yanatunzwa zaidi kuliko zamani, nashukuru kwa hilo. Lakini mtaa usio na familia haununui vitumbua saa 12 asubuhi, na asiponunua mtu, hapiki mtu. Nikiona watu wanauliza wapi wenyeji wanakula, nataka kuwajibu, kwanza ulizeni wenyeji wamekwenda wapi.

---

Binti Kikwajuni

Wamekuja kwetu Ng'ambo, ndiyo maana nikasema mvuke barabara! Lakini nakuelewa. Mama wa aina hiyo akihamia Mwanakwerekwe anapata wateja wapya, ila Kiponda haipati mama mpya.

---

Mtu wa Sokomuhogo

KahawaChungu umenigusa, kwa sababu mtaani kwetu ni hivyo hivyo. Mimi siwalaumu waliouza au kukodisha, nyumba za mawe na chokaa zina gharama kubwa za ukarabati, mvua za masika mbili tatu paa limeshuka. Ninachoweza kufanya ni hiki cha leo, kumwelekeza mgeni aache kifungua kinywa cha hoteli asubuhi moja au mbili, akanunue mlangoni. Hela ile ndogo inamfanya mama aone bado ana sababu ya kuwasha makaa kesho. Wenye nyumba za wageni mnaosoma hapa, mnaweza kununua mikate na vitumbua kutoka kwa majirani zenu badala ya kuagiza mikate ya pakiti. Najua wachache wanaofanya hivyo na wageni wao wanaisifu chai kuliko vyumba.

---

Kamba Nanga

Na wale wanaotaka kutoka nje ya mji? Maana kila mtu anasema Nungwi kwa teksi.

---

Nahodha Mstaafu

Panda gari za shamba, mwanangu. Daladala namba 116 inakwenda Nungwi, 502 inakwenda Bububu. Ukibahatika ukapata chai maharage, yale magari ya mbao yaliyo wazi pembeni, upepo wote ni wako. Hayana haraka, yanapakia watu, magunia na baiskeli. Lakini utashuka umejua mchele umepanda bei wapi na nani kaoza mwana. Kwa chakula, mimi ningekupeleka Mkokotoni asubuhi, soko liko pwani, watu wa Tumbatu wanaingia na samaki wao. Au Chwaka. Rudi kabla ya jioni, magari ya kurudi mjini hayachelewi.

---

Mgeni wa Mwanza

Wakuu, nimeandika kila kitu kwenye daftari. Swali la mwisho. Tunafika Ijumaa kwa boti ya asubuhi kutoka Dar. Siku ya kwanza tufanyeje, kwa mpangilio?

---

Mtu wa Sokomuhogo

Boti inachukua kama saa 2, kwa hiyo mtafika asubuhi bado. Mkitoka getini mko Malindi tayari, pitieni dikoni kwanza kama mabegi ni mepesi, mnada utakuwa unaelekea mwisho lakini samaki watakuwepo. Kisha ingieni kwa miguu kupitia Kiponda hadi mnakolala, mkikuta meza ina vitumbua bado, kaeni.

Ijumaa mchana kumbukeni maduka na migahawa mingi hufunga kwa ajili ya sala, kuanzia saa 6 na nusu hivi hadi sala imalizike. Msiende kutafuta chakula saa hiyo. Pumzikeni. Wakishatoka msikitini ndipo mji unakula vizuri kuliko siku zote za wiki, ulizieni biriani au pilau, Ijumaa wapishi wengi wanaipika. Saa 10 urojo, mtaa wowote wenye watoto wengi. Magharibi Forodhani kwa juisi ya miwa kama alivyosema Mtoto wa Shangani, usiku Michenzani kwa dada yetu. Jumamosi amkeni na adhana mtafute mkate wa ufuta.

Mzee Nahodha atuambie tu, Ijumaa hiyo ni bamvua au maji mafu, ili shemeji ajue kama aagize pweza. Na mje na noti ndogo ndogo, mama wa vitumbua hana chenji ya elfu kumi saa 12 asubuhi.